Tafuta Barabara Kwanza, Nyumba Baadaye

Sensa ya 2019 ilihesabu watu 4,397,073 katika Kaunti ya Nairobi. Miaka kumi kabla ya hapo walikuwa kama milioni 3.1. Kila aliyeongezeka, awe amezaliwa Pumwani au ameshuka basi jana usiku na begi lake, anaitaka barabara ileile saa moja asubuhi.

Kazi yangu kwa muda mrefu imekuwa kuwapokea watumishi wanaohamishiwa jiji hili: kuwaonyesha nyumba, kuwasomea mikataba, kuwazuia wasilipe kabla ya wakati. Maswali yao hufanana. Haya niliyoyajibu hapa yanahusu tao, yaani katikati ya jiji, na upande wa magharibi, yaani Westlands, Kilimani, Lavington, Kawangware, Kangemi na kuendelea hadi mpakani na Kikuyu. Ofisi nyingi zilizochoka na tao zimehamia huko, na ndiko ninakokujua kwa miguu.

SWALI: Salamu sana. Nimehamishwa kutoka Mombasa, ofisi mpya iko Westlands. Rafiki yangu amenipatia nyumba safi karibu na Dagoretti Corner, na nikiangalia ramani naona si mbali hata kidogo. Nilipe?

JIBU: Usilipe, dada yangu, hata kama ina roshani inayotazama milima ya Ngong. Kwenye ramani nyumba hiyo na ofisi yako ni majirani, kwa sababu ramani uliyoitazama haionyeshi mabonde.

Upande wa magharibi wa Nairobi ni migongo na mabonde yanayoshuka kutoka miinuko ya Kikuyu na Limuru kuelekea mashariki. Humo unapita mto Nairobi wenyewe, Kirichwa Kubwa, Kirichwa Ndogo na Motoine. Nyosha mkono wako juu ya meza utandaze vidole: barabara kuu zimepita juu ya vidole, mito iko katikati yake, na tao ni kiganja. Waiyaki Way ni kidole kimoja, Ngong Road ni kingine. Kwenda kiganjani ni rahisi. Kuruka kutoka kidole hadi kidole ndiko kunakoua asubuhi ya mtu. Vivuko ni vichache: Naivasha Road na James Gichuru, Ring Road za Kilimani na Kileleshwa, na barabara chache za kuunganishia zilizojengwa miaka ya karibuni. Saa moja na nusu asubuhi vyote vimejaa magari ya wazazi, mabasi ya shule na malori ya mchanga yanayokwenda kwenye majengo yasiyoisha ya Kileleshwa.

Kwa asiye na gari ni vibaya zaidi. Matatu za Ngong Road zinakwenda tao. Utashuka huko, uvuke mji kwa miguu, upande nyingine ya Westlands. Au utapita Kawangware na James Gichuru kwa magari mawili na boda juu yake. Utafika, lakini umechoka kabla hujafungua kompyuta.

Shauri langu ni lilelile kwa karibu kila mtu: tafuta barabara ambayo ofisi yako imekaa juu yake, kisha tafuta nyumba kwenye barabara hiyo, mbele au nyuma. Wewe barabara yako ni Waiyaki Way. Ukiwa na uwezo, tazama Parklands au Westlands yenyewe. Ukitaka nafuu, fuata lami kwenda juu: Kangemi, Mountain View, Uthiru, Kinoo ambako tayari ni Kaunti ya Kiambu, mpaka Kikuyu. Mtu wa Kinoo yuko mbali zaidi kwa kilomita, na mara nyingi anafika Westlands mapema kuliko huyo wa Dagoretti Corner, kwa sababu anapanda gari moja na kushuka.

Utasikia watu wakiitaja barabara ya juu, ile Expressway ya kulipia iliyofunguliwa 2022. Ni kilomita 27 kutoka Mlolongo mpaka Westlands, na ni msaada mkubwa siku unapokwenda uwanja wa ndege au unapopokea mgeni kutoka Mombasa. Kwa anayetoka Uthiru au Kawangware kila asubuhi haina lolote, maana inaanzia pale ambapo safari yake inaishia.

Kabla ya kulipa popote, fanya jaribio moja. Nenda Jumanne, simama kwenye stegi ya karibu na hiyo nyumba saa kumi na mbili na nusu asubuhi, upande mpaka mlangoni kwa ofisi. Jioni rudi saa kumi na moja na nusu. Usiende kuangalia nyumba Jumapili. Jumapili kila mtaa wa Nairobi uko karibu na tao.

SWALI: Mimi ni kijana kutoka Kakamega, nimepata kazi Upper Hill. Wenzangu ofisini wanakaa Kilimani na wanasema nisijidhalilishe. Mjomba anasema nianzie Kawangware. Nimsikilize nani?

JIBU: Sikiliza hati yako ya mshahara. Na usisome ile tarakimu ya juu. Kabla pesa haijakufikia, bima ya afya ya jamii itachukua asilimia 2.75, ushuru wa nyumba za bei nafuu asilimia 1.5, kisha NSSF na kodi ya mapato. Nimewaona vijana wengi wakipanga nyumba kwa mshahara ulioandikwa kwenye barua ya ajira, wakakutana na mshahara wa kweli mwisho wa mwezi, wakiwa tayari wametia sahihi mkataba wa mwaka.

Sasa tufanye hesabu bila fahari. Ukikaa Hurlingham au ukingo wa Kilimani unaokaribia Upper Hill, unatembea mpaka kazini chini ya nusu saa. Hulipi nauli, hulipi zaidi mvua ikinyesha, na jioni una saa mbili ambazo mwenzako wa mbali hana. Hiyo ni pesa. Iandike. Ukikaa Kawangware utapanda matatu namba 46, na kodi ya chumba kimoja cha bedsita huko Kilimani inaweza kukupa nyumba ya chumba cha kulala na sebule, na sukuma wiki mlangoni kwa bei ya binadamu. Andika na hiyo. Jumlisha kodi, nauli ya kwenda na kurudi kwa siku 22, chakula cha mchana, maji. Mara nyingi tofauti ni ndogo kuliko wanavyodhani wenzako, na ni ndogo kuliko anavyodhani mjomba.

Hilo neno la kujidhalilisha linanichosha. Mpaka kati ya Lavington na Kawangware ni wa wakoloni, nao haupimi heshima ya mtu. Sehemu ya Lavington ilikuwa shamba la kahawa la mapadri wa Misheni ya St. Austin, walioanza hapo 1899, mwaka uleule reli ilipofika Nairobi. Kawangware, Riruta, Waithaka na Kangemi zilikuwa kwenye ardhi waliyotengewa Wakikuyu, nje ya mji, zikaja kuingizwa ndani mipaka ilipopanuliwa wakati wa uhuru. Upande mmoja ukapimwa viwanja vikubwa na kupandwa ua, upande wa pili familia zikaendelea kugawana shamba la babu mpaka likawa ploti, na ploti ikawa gorofa tano. Gitanga Road inakuonyesha yote hayo kwa mwendo wa dakika chache.

Historia hiyo bado ina kazi kwako. Kangemi na Kawangware mwenye nyumba mara nyingi ni familia inayoishi palepale, au mtoto wao. Unaongea na mtu. Ukichelewa siku nne kwa sababu mshahara umechelewa, utamweleza, atakunja uso, yataisha. Kilimani na Kileleshwa utashughulika na kampuni ya kusimamia majengo, na barua ya onyo hutoka yenyewe tarehe sita. Kwa upande mwingine, kampuni itakupa risiti na mkataba ulioandikwa, ilhali yule mzee wa ploti anaweza kukupandishia kodi mbele ya geti kwa mdomo tu. Chagua ugonjwa unaoujua kuutibu.

Mimi ningeanzia Kawangware au Riruta mwaka mmoja, nijenge akiba, nijue mji. Lakini ningetafuta nyumba iliyo karibu na barabara. Kutembea dakika 20 kwenye tope la Aprili ukiwa na viatu vya ofisi kunamaliza ile nafuu yote.

SWALI: Nimeona nyumba mtandaoni, picha nzuri, ajenti anataka nitume dipoziti leo kwa sababu kuna watu wengine watatu wanaitaka. Nifanyeje?

JIBU: Hao watu watatu huwa wapo kila mahali. Usitume.

Utapeli wa aina hii umeenea, na mtindo wake haujabadilika: picha za nyumba ya mtu mwingine, haraka, na namba ya simu ya kibinafsi ya kutumia M-Pesa. Wapo pia wanaokuonyesha nyumba ya kweli, yenye funguo, ambayo walikodi wenyewe kwa siku mbili. Kwa hiyo kuiona nyumba peke yake hakutoshi. Muulize soja wa geti mwenye nyumba ni nani. Muulize mama mboga wa nje nani amehama na kwa nini. Nimesema mama mboga kwa makusudi, kwa sababu yeye hana kamisheni. Pesa ilipwe kwa akaunti au paybill ya jengo, isilipwe kwa simu ya keateka. Ajenti halali anasajiliwa na bodi ya maajenti wa nyumba, na anayetaka ada ya kukuonyesha tu nyumba kabla hujaingia ndani, mwache aende na ada yake.

Kilicho cha kawaida ni kodi ya mwezi wa kwanza, dipoziti ya mwezi mmoja, na pengine dipoziti ndogo ya maji na umeme. Siku ya kuingia piga picha kila ukuta, kila bomba, kila kioo chenye ufa, umtumie mwenye nyumba siku hiyohiyo ili tarehe ibaki. Dipoziti nyingi za Nairobi huzikwa kwenye rangi. Siku ya kutoka unaambiwa kuta ni chafu, fundi amelipwa, hakuna kilichobaki.

Na usidhani sheria itakukinga kirahisi. Ipo sheria ya kudhibiti kodi, Sura ya 296, ya tangu 1959, yenye mahakama yake maalum. Lakini inagusa nyumba ambazo kodi yake ya kawaida haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Nitajie nyumba ya bei hiyo Kilimani. Kwa wengi wetu mkataba uliotiwa sahihi ndio ngao iliyopo, kwa hiyo usome, hasa sehemu ya notisi na sehemu ya kupandisha kodi.

SWALI: Wanasema mtaa wetu mpya wa Kileleshwa maji huja siku mbili kwa wiki. Kweli mtaa wa matajiri unakosa maji?

JIBU: Kweli kabisa, na tajiri ananunua maji ya lori kama wewe.

Mji huu ulianza kwa chemchemi za Kikuyu, ukaongeza mabwawa ya Ruiru na Sasumua, na tangu 1994 umeliegemea zaidi bwawa la Ndakaini huko Murang'a. Watu wameongezeka kuliko mabomba. Kampuni ya maji ya jiji hugawa kwa ratiba, mtaa huu siku hizi na ule siku zile, na pale palipokuwa na nyumba moja yenye bustani sasa pana gorofa kumi na mbili zinazonyonya bomba lilelile.

Kwa hiyo swali la kuuliza ni tanki la jengo linachukua lita ngapi, na likikauka nani analipia lori. Majengo mengi ya Kilimani na Kileleshwa yamechimba visima virefu. Hapo angalia: maji mengi ya chini ya ardhi Nairobi yana floraidi nyingi, kupita kile kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita ambacho Shirika la Afya Duniani linakubali. Kwa kuoga na kufulia hayana neno. Kwa mtoto ambaye meno yake bado yanaumbika, yanaweza kumwachia madoa ya kahawia maisha yake yote. Kuchemsha hakuondoi floraidi, bali huizidisha kwa sababu maji yanapungua na yenyewe inabaki. Nunua ya kunywa.

Kangemi na Kawangware maji huja kwa mitungi ya lita 20 juu ya mkokoteni, na bei hupanda siku za ukame. Uwe na mapipa mawili yenye vifuniko, yajae kabla hujayahitaji.

Umeme ni rahisi zaidi kuuelewa. Uliza kama mita ni ya Kenya Power moja kwa moja au ni mita ndogo ya mwenye jengo, ambayo anaweza kukutoza zaidi kwa kila uniti. Uliza pia kama aliyetoka aliacha deni kwenye mita, maana ukinunua tokeni deni linakatwa kwanza, nawe utabaki ukishangaa elfu moja imekwenda wapi. Na ile shawa ya umeme bafuni ndiyo inayokula kuliko vyombo vyote vya nyumba.

SWALI: Shikamoo. Mimi ni Mtanzania, nimetoka Dar es Salaam kikazi, nakaa Lavington. Daladala nazijua, lakini matatu zenu zimenishinda. Nauli asubuhi hii, jioni ile, na makanga ananisemesha lugha siielewi.

JIBU: Marahaba, karibu jirani. Dar mna Mwendokasi tangu 2016. Sisi mabasi ya njia maalum tumeyasikia kwenye hotuba na kuyaona kwenye michoro. Tulicho nacho ni matatu, zilizohalalishwa kwa amri ya Rais Kenyatta wa kwanza 1973, na nidhamu kidogo iliyoletwa na Waziri Michuki mwaka 2004: mikanda, vidhibiti mwendo, abiria kukaa. Baadhi ya hayo bado utayaona.

Nauli hapa haiko ukutani. Inafuata saa, mvua, na idadi ya watu kwenye stegi. Saa nne asubuhi utalipa kiasi, saa kumi na mbili jioni utalipa karibu mara mbili, na wingu likitanda juu ya Ngong makanga analiona kabla yako. Uliza kabla ya kupanda, kwa sauti, ili wengine wasikie. Makanga akikwambia "mbao" anataka 20, "finje" ni 50, "soo" ni 100. Baada ya wiki mbili hutahitaji mkalimani. Kuwa na pesa iliyochenjiwa au lipa kwa M-Pesa, na chenji yako idai kabla hujakaribia kushuka.

Jifunze namba za upande wako kabla ya majina ya mitaa: 46 ni Kawangware, 48 Kileleshwa, 23 ni Westlands na Kangemi, 105 Kikuyu kwa Waiyaki Way, 111 Ngong, 24 Karen. Anza na mbili tu zinazopita kwako. Tao, stegi zimetawanyika na kaunti huzihamisha mara kwa mara, kwa hiyo usimwamini aliyekaa nje ya mji miaka mitatu. Muulize muuza magazeti. Tao yenyewe ni ndogo. Kutoka stesheni ya reli mpaka Museum Hill ni mwendo wa nusu saa kwa miguu, na jioni mvua ikinyesha mtembeaji humshinda aliyekaa ndani ya gari kwenye mzunguko wa Nyayo House bila shida. Wenyeji wengi hushuka Uhuru Highway na kumalizia kwa miguu. Waige.

Kitu kimoja ambacho wageni hawakijui: kuna treni ya abiria ya upande huu. Asubuhi inakuja tao kutoka Kikuyu kupitia Dagoretti na Kibera, jioni inarudi. Haiendi popote karibu na Lavington yako, lakini kwa aliyepanga Dagoretti au Kikuyu na ofisi yake iko Haile Selassie Avenue, ni usafiri pekee usiojua msongamano wa magari. Ina kasoro mbili: ratiba ni chache, na ikikuacha imekuacha.

SWALI: Tao ni hatari kama wanavyosema?

JIBU: Tao inawaadhibu zaidi walioduwaa. Moi Avenue inaigawa mara mbili: juu yake kuna benki, ofisi na hoteli, chini yake ni Tom Mboya, River Road na Nyamakima, ambako ndiko biashara yenyewe ilipo na bei ndiko ilipo. Nenda kote, lakini mchana, mkoba mbele, na simu usiitoe kutazama ramani katikati ya njia. Ingia dukani uitazame. Ndani ya matatu funga dirisha gari linaposimama kwenye taa au mzunguko, maana simu hunyakuliwa kutoka nje. Anayekupigia kusema ametuma pesa kwako kimakosa, mwambie apigie kampuni ya simu wairudishe wao. Na ukienda kustarehe Westlands, kinywaji chako usikiache mezani ukaenda msalani. Wanaotia watu dawa hawavai sura ya wezi.

SWALI: Nina gari Nakuru. Nije nalo?

JIBU: Njoo nalo, uliegeshe. Litumie Jumamosi, na siku za kazi nzito. Anayeendesha kutoka Kikuyu au Karen kila siku ama ameondoka nyumbani kabla ya saa kumi na mbili, ama amekubali kuzeeka barabarani. Uliza nyumba ina nafasi ngapi za kuegesha; majengo mengi mapya yana nyumba nyingi kuliko nafasi. Kuegesha tao ni ada ya kaunti kila siku, juu ya mafuta.

SWALI: Tunahama na watoto wawili wa shule ya msingi. Tuanze na nyumba au shule?

JIBU: Shule, kisha nyumba iliyo karibu na shule hiyo, ofisi baadaye. Mtu mzima anaweza kuvumilia matatu. Mtoto wa darasa la pili anayechukuliwa na basi saa kumi na moja na nusu alfajiri ili azungushwe mitaa mitatu hawezi, na mwalimu atakuletea ripoti kwamba anasinzia. Nimeona familia zikichukua nyumba nzuri Loresho huku shule iko Karen. Hawakumaliza mihula mitatu.

Upande huu una shule za umma zenye majina, kama Kilimani, Kileleshwa na Lavington, na usizidharau kwa sababu tu majirani wanapeleka watoto kwenye za kulipia. Madarasa yamejaa, hilo ni kweli. Nenda mwenyewe kwa mwalimu mkuu kabla ya Januari, na barua ya uhamisho kutoka shule ya zamani pamoja na namba ya mwanafunzi kwenye mfumo wa wizara. Ukija Februari utaambiwa hakuna dawati, na litakuwa neno la kweli.

SWALI: Hii baridi ni ya kawaida?

JIBU: Kama umetoka pwani, mwezi wa saba utadhani umeonewa. Mji uko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari na unapanda kadiri unavyokwenda magharibi. Kinoo na Kikuyu ni baridi kuliko tao, na Limuru usiulize. Blanketi nzito zipo kwenye soko la Gikomba au la Toi. Chukua nyumba inayopata jua la asubuhi.

SWALI: Nina miezi minne hapa na simjui jirani hata mmoja. Nyumbani Lamu tungekuwa tumeshakula pamoja. Nimekosea wapi?

JIBU: Hujakosea, mama. Fleti za Nairobi zimejengwa watu wasikutane: lifti, geti, mlango. Watu hapa hujuana kwa shughuli, na jirani wa ukuta kwa ukuta anaweza kubaki mgeni miaka. Ukingoja abishe hodi utangoja sana. Wengi huingia kupitia chama cha ofisini, msikiti au kanisa, kwaya, timu ya mpira ya Jumapili asubuhi, au kikundi cha watu wa nyumbani, ambacho kwa nje kinaonekana cha kuchangia mazishi na kwa kweli ndicho kinachokutafutia fundi, yaya na daktari. Wewe ukiwa tao Ijumaa, kwenye msikiti wa Jamia pale Banda Street utakutana na watu wa pwani bila kuwatafuta.

Salamu zao fupi zisikuumize. Mtu wa Nairobi akisema "sasa" na kupita hajakutukana. Kwake hiyo ni salamu kamili. Wewe endelea na yako ndefu. Soja na mama mboga watakuwa wa kwanza kuizoea, na baada ya muda watakuwa wakikuwekea maembe mazuri kando.

Jumamosi toka nje ya saruji. Arboretum iko hapo kati ya Kileleshwa na State House, ilianzwa 1907 kwa kujaribu miti ya kuni za reli, na leo imejaa wanakwaya wanaofanya mazoezi na wanafunzi wanaojifanya wanasoma.

SWALI: Nimegundua nyumba niliyochukua hainifai hata kidogo. Nivumilie au nihame?

JIBU: Soma mkataba uone notisi, kwa kawaida ni mwezi mmoja, na kama ulitia sahihi wa mwaka uone adhabu ya kuvunja. Kisha zungumza na mwenye nyumba kabla ya kuandika chochote. Wengi watakuachia ukileta mpangaji wa kuchukua nafasi yako, kwa sababu nyumba tupu inawauma wao kuliko wewe. Lipa kodi ya mwezi wa mwisho kama kawaida, usiseme "kateni kwenye dipoziti", maana hapo umempa sababu ya kukudai kodi, na pesa ya rangi juu yake. Sasa ndio wakati wa zile picha za siku ya kuingia.

Na ukihama, hama katikati ya mwezi, siku ya wiki, saa nne asubuhi. Mwisho wa mwezi Nairobi nzima inahama, pikapu za Kangemi na Kawangware zimeshikwa tangu juzi, na wapakiaji wanajua hivyo.